Akiisha Kutibiwa

Zaina alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa darasani Bukavu. Nilikuwa nimewapa wanafunzi zoezi la Kiingereza na nimeketi karibu na dirisha nikiwangoja wamalize. Hakuzunguka. "Mapendo," alisema, "mama ametuacha jana alfajiri. Tumemzika jana ile ile alasiri. Kama unaweza kushuka, shuka." Nilimwambia nitashuka. Nilikusanya kaye, madaftari ya wanafunzi, bila kuzisahihisha, nikamwomba mwenzangu anishikie vipindi vya juma lile, na kesho yake nikapanda gari la kwenda Uvira. Tulishuka mlima, tukafika uwanda wa Ruzizi, tukapita Katogota, nilikozaliwa na ambako wazazi wangu walilima mpaka mwisho wao. Sikushuka garini, na katika kurasa hizi pia sitashuka hapo, kwa sababu mwaka ninaotaka kuueleza haukupita Katogota. Ulipita Kilibula, mtaa wa Uvira, katika nyumba ya Mama Zaina, na nimeubeba miaka mingi kuliko nilivyobeba jambo lingine lolote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimepata diploma ya shule ya sekondari, na watu walisema kijana anayejua Kiingereza hakosi kazi Uvira, kwa kuwa wageni waliokuja na magari yenye antena ndefu walitafuta wakalimani kila siku. Nikaja mjini nijifunze. Mama Zaina alinipa chumba kimoja katika nyumba yake, chumba chenye kitanda cha chuma, meza isiyo na droo, na dirisha dogo lililotazama jikoni, kiasi kwamba kila kilichosemwa karibu na jiko lake la makaa nilikisikia kama nimeambiwa mimi. Alikuwa mjane, mwanamke wa Kiislamu aliyeuza vitenge sokoni kama mama yake na bibi yake walivyouza, na mimi nilikuwa Mprotestanti wa shamba, lakini tangu siku ya pili alikataa nipike peke yangu. "Muntu mmoja hawezi kusonga bugali," alisema. "Anajidanganya tu." Basi tulikula pamoja juu ya mkeka uani, bugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa nyanya, na siku ya soko zuri mikeke ya kukaanga, samaki wa ziwa letu, ambayo alinifundisha kuila kuanzia kichwani. Binti yake mkubwa, Zaina, alikuwa ameolewa Bujumbura. Aliyebaki nyumbani ni Hamisi, kijana wa miaka ishirini na nne, ambaye hakubaki sana, kwa kuwa alisafiri na maboti ya mizigo yanayoteremka ziwa mpaka Kalemie, Moba na Mpulungu kule Zambia.

Hamisi alikuwa na Kiingereza cha bandarini. Alikiokota Mpulungu kati ya magunia, hakikuwa na wakati uliopita wala ujao, na alikitumia bila aibu yoyote. Akirudi safarini alisimama mlangoni pangu na kunisalimu kwa Kiingereza hicho, nami nilimsahihisha, naye alirudia kosa lile lile kwa makusudi mpaka mama yake akacheka jikoni. "Mapendo," aliniambia siku moja, "weye unajua Kiingereza cha kitabu. Minye najua cha kununulia samaki. Siku moja tutaviunganisha, tupate muntu mmoja anayejua." Nilidhani ananidharau. Leo naona alikuwa anasema kweli.

Mwalimu wangu aliitwa Prof Amuri. Alikuwa mrefu, mwembamba, amesoma Tanzania miaka mingi, na alitufundisha Jumanne na Ijumaa alasiri katika chumba kilicho nyuma ya duka la mafundi cherehani, kwa hiyo masomo yetu yote yalikuwa na mlio wa cherehani ndani yake. Tulikuwa kama kumi na wawili, wakiwemo muuza vipuri vya pikipiki, wasichana wawili wa misheni, na askari polisi mmoja mnene aliyeuliza maswali ambayo sisi wengine tuliogopa kuuliza. Siku ya Jumanne ninayoikumbuka, Prof alikuja na ndizi mbili. Alimenya ya kwanza, akaanza kuila, akatoka mlangoni huku akitafuna. Akarudi, akaandika ubaoni: "Eating a banana, he went out." Kisha akamenya ya pili, akaila yote mbele yetu bila haraka, akapangusa mdomo kwa kitambaa, ndipo akatoka. Akarudi, akaandika: "Having eaten a banana, he went out." Akatuambia kwamba tayari tunazijua njia hizi mbili. Kwa Kiswahili ya kwanza ni akila, ya pili ni akiisha kula. Kwa Kifaransa ni mangeant na ayant mangé. "Kazi yenu," alisema, "ni kuchagua. Kiingereza hakiwachagulii."

Ugumu ulikuja alipoandika sentensi ya tatu, ya mtu anayefungua mlango na kutoka, akaiandika kwa njia fupi, bila having. Askari akainua mkono. "Prof, minye naomba kuuliza. Kufungua mulango kunaisha mbele ya kutoka. Huwezi kutoka ukiwa ungali unafungua. Sasa juu ya nini hukuweka having?"

"Juu vitendo vinafuatana, kimoja kinakanyaga kisigino cha kingine. Muntu yeyote anaona."

"Na ikipita muda kati yao? Dakika ngapi njo tunaweka having?"

Tulicheka sote. Prof Amuri hakucheka. "Hakuna dakika," alisema. "Mwenye kuandika njo anachagua. Kama anataka usiwe na shaka kwamba kitu cha kwanza kimekwisha, ataweka having. Bila having, anakuachia ujionee mwenyewe." Akatupa sentensi kumi za kuchagua. Nilipata zote kumi, peke yangu darasani, na Prof akaonyesha kaye yangu kwa wengine. Nilitembea kurudi Kilibula nikiwa nimebeba ile kaye kifuani kama mtoto mchanga.

Wakati huo Hamisi alikuwa hospitalini Mpulungu. Wiki saba nyuma boti yake ilikuwa imekutana na mawimbi baada ya Moba, magunia ya saruji yakahama, yakamwangukia mgongoni. Wenzake walimpeleka mpaka Mpulungu, kwa kuwa walikuwa wamekaribia, wakamwacha hospitalini. Habari ililetwa na Kalunga, rafiki yake wa kazi, aliyesimama uani akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na kusema, "Mama, Hamisi ameumia mugongo. Anaongea, anakula kidogo. Wanamtunza vizuri." Mama Zaina alitaka kwenda siku ile ile, lakini alikuwa na malaria iliyomlaza chini, na nahodha hakukubali kumpakia mgonjwa. Ilipita karibu mwezi kabla hajaweza kutembea mpaka sokoni. Alipopata nguvu alitafuta nafasi katika boti, akaipata, katika boti itakayoondoka bandari ya Kalundu siku ya Alhamisi asubuhi. Jumatano alasiri mzigo wake ulikuwa umefungwa tayari na umewekwa karibu na mlango. Ndani yake mlikuwa na kanzu ya Hamisi, chupa ya mawese, ndagala kavu, na kitenge kimoja kipya ambacho alisema atampa muuguzi.

Saa kumi alasiri baharia mmoja akaleta barua. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja usiojaa, mwandiko wa bluu ulionyooka. Mama Zaina aliifuta mikono yake kwenye kitenge kabla ya kunipa, kana kwamba ni mimi anayenigusa, si karatasi. Tuliketi mkekani. Muuguzi aliyeandika alianza kwa salamu na kumalizia kwa kumwombea mama kwa Mungu. Kati ya salamu na dua palikuwa na sentensi moja tu, nami ninaijua kwa moyo mpaka leo: "Having been treated in this hospital for six weeks, your son Hamisi wishes to be with his mother."

Nilipoliona lile neno la mwanzo nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akikuta mtu wa kwao katika soko la ugenini. Nilikuwa nimelijua jana tu.

"Iko inasema nini?" aliuliza Mama Zaina.

"Inasema, akiisha kutibiwa juma sita katika hospitali hii, mwana wako Hamisi anatamani kuwa na mama yake."

"Akiisha kutibiwa."

"Ndiyo, mama. Matibabu yamekwisha."

"Kwa hiyo amepona."

Nimerudia dakika hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Aliniangalia. Alikuwa amekonda kwa malaria, macho yake yamekuwa makubwa, na uso wake wote ulikuwa unaomba kitu kimoja. Ningeweza kusema, mama, hawakuandika hivyo. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Ndiyo, mama. Amepona. Anataka kuya nyumbani."

"Una hakika, mwana?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Nilileta kaye yangu. Nilimfunulia mwanamke ambaye hakusoma Kiingereza hata siku moja sentensi zangu kumi zilizosahihishwa kwa wino mwekundu, nikamweleza kwamba kama Hamisi angekuwa bado anatibiwa wangeandika being treated, lakini wameandika having been, na Waingereza wakiandika having, kitu kimekwisha. Alinisikiliza kama tunavyomsikiliza daktari. Kisha akafikiri kwa sauti. "Kama amepona, atapanda boti ya kwanza. Nikipanda kesho, na yeye akipanda huko, tutapishana ziwani. Atafika akute mulango umefungwa." Akautazama mzigo mlangoni. "Hapana. Nitamungojea hapa." Akauvuta mzigo, akalifungua fundo, akaitoa kanzu na kuitundika kwenye msumari. Jioni alimtuma jirani Kalundu akaseme nafasi yake apewe mtu mwingine. Tulikula mikeke. Alikula kuliko nilivyomwona akila tangu ugonjwa wake.

Ijumaa nilikwenda darasani na ile sentensi nimeinakili nyuma ya kaye. Sikuwa na shaka. Nilitaka kusifiwa. Prof Amuri aliisoma, akaniuliza nimeitafsiri namna gani. Nikamwambia. "Vizuri," alisema. "Akiisha kutibiwa. Ni sawa kabisa." Nilikuwa naanza kutabasamu aliposoma tena, polepole, akiwa ameweka kidole chini ya kila neno. "Huyu mugonjwa ni nani?"

"Mwana wa mama ninayekaa kwake. Amepona, anarudi."

"Nani alikuambia amepona?"

"Prof, si matibabu yamekwisha?"

Aliirudisha kaye mkononi mwangu na hakuiachilia mara moja. "Yamekwisha," alisema. "Having inasema kitu kimekwisha. Haisemi kiliishaje. Matibabu yanaisha kwa kupona. Yanaisha pia wakati daktari hana tena la kufanya." Mafundi walikuwa wanashona nyuma ya ukuta. Kisha akauliza, "Yule mama, ameshaondoka kwenda?"

Nilimwambia boti iliondoka jana.

"Bila yeye?"

"Bila yeye."

Hakunilaumu. Alisema niende nyumbani nimwambie. Nilikwenda. Njiani nilipanga maneno, na kila nilipoyapanga niliona kwamba hakuna boti nyingine yenye nafasi ya abiria mpaka wiki mbili, na kwamba nitakachompa si safari, ni wiki mbili za kujua bila kuweza kufanya lolote. Nilipofika nilimkuta ametoa vitu vyote katika chumba cha Hamisi na anapaka kuta chokaa, amejifunga kitambaa kichwani, chokaa imemrukia mpaka kwenye nyusi. "Mapendo, shika upande ule," alisema. Nikashika. Tulipaka mpaka adhana ya magharibi, nami sikusema kitu.

Sitajitetea. Nataka tu kueleza jinsi ukimya unavyojijenga. Siku ya kwanza sikusema kwa sababu alikuwa na furaha. Siku ya pili sikusema kwa sababu sikusema ya kwanza. Siku ya tatu alinitaka nimwandikie jibu kwa muuguzi, nikaona Mungu amenifungulia njia. Aliketi mbele yangu akisema, nami nikiandika: kwamba barua imefika, kwamba ninyi nyote mbarikiwe, kwamba mama wa Hamisi anamngoja nyumbani, chumba chake kimepakwa chokaa. Nilikaa muda mrefu juu ya maneno ya mwanzo, kama niweke Receiving au Having received, nikachagua ya pili, kwa kuwa kati ya kupokea barua na kungoja zilikuwa zimepita siku. Hata wakati ule niliona aibu kwamba bado nachagua. Chini kabisa, bila kumwambia, niliongeza kwa herufi ndogo ombi langu mwenyewe: tafadhali tuambieni kama Hamisi ni mzima au si mzima. Nilifunga barua, tukampa baharia. Nilihesabu siku sita za kwenda, siku sita za kurudi, siku kadhaa za muuguzi kupata nafasi ya kuandika. Nikajiambia jibu likija nitamwambia yote kwa mara moja.

Boti ya kwanza ilikuja bila Hamisi. Mama Zaina alikuwa amekwenda Kalundu tangu alfajiri, akarudi saa sita, akasema pengine hakupata nafasi. Boti ya pili ilikuja bila Hamisi na bila barua. Nilisikia kutoka dirishani pangu akimwambia jirani, "Mugongo si kitu cha haraka. Wanamuacha apumzike." Alikuwa anaanza kunitazama zaidi tunapokula. Siku moja aliuliza, "Ile having yako, haiwezi kukosea?" Nikasema haiwezi, na ndilo lililo baya, kwamba lilikuwa jibu la kweli. Usiku ule ule niliapa nitasema kesho. Kesho yake malaria ilimrudia. Nilimpikia uji, nikamfunika, na nikamshukuru Mungu kwa homa ya mtu mwingine, jambo ambalo sijawahi kuliandika mpaka leo.

Ilikuwa wiki ya tano tangu barua ile ifike, Kalunga alipoingia uani. Alikuwa na mfuko wa Hamisi begani. Aliuweka chini ukutani, hakuuweka mkekani, na Mama Zaina alipoona namna alivyouweka, alijua. Aliketi. Alisema, "Niambie polepole."

Kalunga alimwambia polepole. Mgongo ulikuwa umevunjika. Miguu haikuamka hata siku moja. Madaktari walifanya walichoweza, kisha wakamwambia kwamba kilichobaki ni kumtunza asiumie. Vidonda vya kulala vikamwingia, na homa ikaja juu ya vidonda. Alikufa Jumapili, wiki mbili zilizopita, na Waislamu wa bandarini walimwosha, wakamswalia, wakamzika vizuri. Mama Zaina alitikisa kichwa kwa kila jambo, kama mtu anayepokea vitu vingi mkononi na kuogopa kuangusha kimoja.

"Barua yetu ilifika?" aliuliza.

"Ilifika, mama. Minye nilikuwa hapo. Muuguzi alimusomea."

"Akasema nini?"

Kalunga aliniangalia, kisha akaangalia chini. "Alitazama dari kwanza. Halafu akacheka kidogo. Akasema, mama anafikiri nimepona. Muuguzi alitaka kuandika tena, juu kulikuwa swali kule chini ya barua. Hamisi akakataa. Akasema, muache aningojee. Ni vizuri muntu kungojewa."

Jikoni chungu cha maharagi kilikuwa kinachemka na hakuna aliyeinuka kukitoa. Baadaye Mama Zaina aliingia ndani, akarudi na ile barua ya kwanza, akanipa. "Soma tena," alisema. "Neno kwa neno. Usiunganishe." Nilisoma neno kwa neno. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliuliza, "Katika maneno hayo, ni wapi wamesema amepona?"

"Hawakusema, mama."

"Basi nani alisema?"

"Ni minye."

Aliikunja barua. Nilingoja anipige, anifukuze, aite majirani. Nilitamani sana afanye mojawapo. Alisema kwa sauti ya chini, "Nenda chumbani kwako, mwana. Bantu watakuya sasa hivi." Nilikwenda. Watu walikuja, mikeka ikatandikwa, na kwa dirisha langu nilisikia matanga yote. Mwanamke mmoja alimwuliza, "Lakini mama, wiki zote hizo, hukuweza kumufikia?" Nikasimama katikati ya chumba. Nikasikia Mama Zaina akijibu, bila kusita, "Nilikosa boti." Mwingine aliuliza tena jioni, naye akajibu vile vile. Siku ya tatu Zaina alifika kutoka Bujumbura, na nikasikia kilio chake kikianza barabarani. Lakini saa ile ile nilitumwa kuchota maji, na mtu aliyetumwa maji matangani harudi upesi. Niliyosikia ni haya tu. Jibu lile la kukosa boti sikulisahihisha. Nilikubali kukaa chini yake kama mtu anayekaa chini ya paa la mwingine mvua ikinyesha.

Nilikaa Kilibula mpaka mwisho wa mwaka. Mama Zaina hakunifukuza. Aliendelea kunipa chakula, tuliendelea kula mkekani, ila hakuniuliza tena chochote kuhusu Kiingereza, na nilipochukua kaye yangu kwenda kwa Prof Amuri alitazama upande mwingine. Kazi ya ukalimani niliitiwa, nikaikataa. Nilijiona sina haki ya kusimama kati ya watu wawili na kuwaambia wamesemezana nini. Nikaenda Bukavu kusomea ualimu, na tangu hapo nafundisha Kiingereza kwa watoto, ambao makosa yao nayasahihisha kwa wino na hayamuui mtu. Kila mwaka nikifika somo lile la participle, la eating na having eaten, nalifundisha vizuri. Nawaambia alichoniambia Prof Amuri, siku zote mbili, ya Jumanne na ya Ijumaa. Wanaandika. Sijui wanaandika nini. Mama Zaina nilimpigia simu kila Idi baada ya simu kuenea, tukasalimiana kwa heshima, akaniuliza habari za watoto, nikamwuliza habari za miguu yake iliyokuwa ikimuuma. Nilikwenda kumwona mara mbili katika miaka yote hiyo, na mara zote mbili nilikuwa na maneno yangu tayari, na mara zote mbili palikuwa na wageni.

Jumanne hii nilipofika Kilibula jua lilikuwa bado juu. Ua ulikuwa umejaa wanawake, wengine wanachambua mchele kwa ajili ya kisomo. Walinipisha, nikaingia ndani, nikamkuta Zaina peke yake ameketi sakafuni katika chumba cha mama yake, akikunja vitenge vya marehemu na kuvigawa mafungu. Ni mwanamke mzito sasa, nywele zake zimekuwa nyeupe kabla ya zangu. Nilimpa pole, akapokea, akanisogezea fungu nami nikaanza kukunja pamoja naye. Tulikunja muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Mapendo, weye ulikaa humu mwaka aliokufa Hamisi."

"Ndiyo, dada."

"Siku niliyofika matangani nilimusema mama. Mbele ya bantu wote. Nilimwambia, ulimuacha mwana wako afe kama mugeni juu ya kukosa boti. Nikamwambia sitamusamehe." Alilainisha kitenge kwa kiganja. "Hakunijibu. Sasa ni miaka mingi. Nilikuya kwa Idi, nikakaa saa moja, nikaondoka. Watoto wangu hawakulala katika nyumba hii hata siku moja. Alipougua mwaka huu nikakuya kumutunza, na nikamuuliza tena, mama, kweli ulikosa boti? Akasema, nilikosa." Sasa aliniangalia. "Minye nimeuliza mabaharia wa zamani. Wanasema ile miezi boti zilikuwepo. Nataka uniambie weye."

Miaka yote nilikuwa nimedhani kwamba Mama Zaina alijificha yeye mwenyewe nyuma ya neno lile, aibu ya mama asiyekwenda, na kwamba mimi nimepata kivuli kwa bahati tu. Sikujua kilimgharimu nini. Alikuwa na binti mmoja aliyebaki, na jibu la kweli lingemrudishia binti yake siku ile ile, na jibu hilo lilikuwa jina langu.

"Boti zilikuwepo," nilimwambia. "Alikuwa amefunga mzigo. Ni minye niliyemzuia." Nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, barua, sentensi, kaye yenye wino mwekundu, chokaa, homa. Sikuruka kitu. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo liliniogopesha, kwa kuwa nilikuwa nimeyasema peke yangu mara nyingi mno. Zaina hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika kitenge kile kile, hajakikunja.

"Ungekuya hata mwaka jana," alisema.

Mwanamke mmoja alichungulia mlangoni akauliza mchele uanze kuoshwa au bado. Zaina alimwambia uanze. Akainuka kwa shida, akiwa ameshika ukuta, akatoka kwenda kuwaonyesha masufuria makubwa yalipo. Mimi nilibaki sakafuni. Vitenge vilivyobaki vilikuwa vingi, na nilivikunja vyote, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.